Ukindu wa Mkononi

Saa ya mkononi sivai. Wanangu wameninunulia mbili, na zote ziko kabatini. Wakiniuliza nawajibu kwa ukali kwamba mkono unaniwasha, basi wananiacha, maana hasira zangu wanazijua. Ukweli ni kwamba kitu chochote kikizunguka kifundo cha mkono wangu wa kushoto, nasikia vidole vya bibi yangu vikikipapasa kuhakikisha kama bado kipo. Leo nitaeleza kwa nini, nimalize, nisiulizwe tena.

Nilikuwa na miaka minane au tisa, hakuna aliyeandika. Aliyetawala alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, na vita vyake na Mwingereza vilikuwa vimeingia mwaka wa pili. Tulikaa mlimani, juu ya mji wa Morogoro, katikati ya migomba: mama, bibi mzaa mama, na mimi. Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya askari. Tulisikia amepitishwa Kingolwira na wenzake wamefungwa kamba moja, na hiyo ndiyo habari yake ya mwisho. Mjomba naye alichukuliwa vivyo hivyo. Shule ya serikali ilikuwa chini mjini, kushuka ni mwendo wa saa nzima, kupanda ni saa mbili kama umeshiba, na hatukuwa tunashiba.

Shule ile ilitaka kila mtoto aje na kanzu nyeupe. Bila kanzu hupiti langoni, na mzazi wako anaitwa na akida kueleza. Kanzu tungeitoa wapi? Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu bibi akamwambia amvutie kasha lake kutoka chini ya kitanda.

Ndani ya kasha lile mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana, sanda yake. Wazee wa kwetu walikuwa na desturi hiyo, mtu akishaota mvi anajinunulia mwenyewe nguo yake ya kuzikiwa na kuiweka, ili siku ikifika watu wasianze kuhangaika. Bibi aliinunua kwa tumbaku na ndizi, kidogo kidogo, kabla sijazaliwa. Ilikuwa ya kitambaa cha marekani, nyeupe, inanukia karafuu. Kila kiangazi aliitoa akaianika, akaikunja tena, na ingawa alikuwa kipofu hakuruhusu mtu amkunjie. Alikuwa na sababu yake. Wakati wa njaa kubwa dada yake alizikwa amefungwa kwa majani ya migomba, na bibi ndiye aliyeyakata majani yale. Habari hiyo aliisimulia mara nyingi, na kila mara alinyamaza pale pale kwenye majani.

"Kateni," akasema.

"Mama, hiyo ni sanda yako!"

"Mimi nakufa kesho? Kateni. Nguo zitakuja nyingine."

Nguo hazikuja. Vita viliendelea, meli zikakoma, na ukienda dukani kuuliza marekani mwenye duka anakucheka. Kilichobaki kwenye sanda kilikuwa kipande cha kilemba tu, nacho kikaishia kuwa viraka vya kanzu ile ile. Kwa hiyo mimi nilikwenda shule nimevaa sanda ya bibi yangu. Nalisema hivyo hivyo lilivyo, silipambi.

Asubuhi ya nyumbani kwetu ilikuwa hivi. Jogoo wa pili akiwika, mama ananiamsha kwa kunivuta kidole gumba cha mguu. Nakwenda kwenye mfereji, nanawa uso, nasugua miguu kwa jiwe, narudi meno yanagongana kwa baridi ya mlima. Kanzu iliyofuliwa jana iko juu ya kamba karibu na moto, inanuka moshi. Naivaa. Kisha naingia kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Lete mikono."

Ukaguzi wa bibi ulikuwa mkali kuliko wa serikali. Alipitisha kidole juu ya kila ukucha wangu, akaingiza nyuma ya masikio, akanusa shingo, halafu akaniambia nikalie kinu nimpe miguu. Hapo ndipo penye kazi. Miaka ile funza walikuwa wametuvamia, wale wadudu wa vumbini wanaojichimbia kwenye vidole vya miguu na kutaga humo, na wasipotolewa mapema kidole kinaoza. Bibi hakuwa na macho lakini hakuna funza aliyemponyoka. Alikuwa na mwiba wake wa mlimau, ameuchomeka kwenye nyasi za paa juu ya kitanda chake, na mwiba ule hakuna mwingine aliyeugusa. Anauchomoa, anautia mate, anaanza kuchokonoa.

"Tulia wewe! Mume gani huyu, analia kwa mwiba! Nitaolewa na mwingine, shauri yako."

Nacheka huku machozi yananitoka, na funza anatoka mzima na kifuko chake. Kisha ananipiga kofi dogo mgongoni, maana yake nenda.

Shuleni nako asubuhi ilikuwa na utaratibu wake. Kipande cha reli kilining'inia kwenye tawi, na kikigongwa uwe umeshafika. Tunasimama mistari miwili. Bendera ya Kaizari inapandishwa. Tunaimba wimbo wa Kidachi ambao hata leo sijui ulikuwa unasema nini. Halafu mwalimu anapita mstarini na rula yake: mikono, masikio, meno, miguu.

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kofia nzuri na kanzu iliyochakaa. Kiboko alikuwa nacho, lakini alipenda zaidi maneno. "Wewe mwanangu, humu masikioni umepanda mihogo? Utavuna lini, utukaribishe?" Mstari mzima unavunjika mbavu, na mwenye mihogo anatolewa pembeni, anakwenda kuoga mtoni. Sisi tulimpenda. Tulimwogopa pia, lakini kupenda kulizidi.

Asubuhi moja alitoka ofisini amebeba nguo. Loo! Marekani nyeupe, mpya, imekunjwa hivyo hivyo ilivyotoka dukani kabla ya vita. Watoto tukarefusha shingo, hata wadogo kabisa. Mwalimu akasema Bwana Shule, yule Mdachi mzee aliyesimamia masomo, ameitoa kwenye sanduku lake iwe tuzo, kwa sababu amechoka kuona watoto wachafu.

Kisha akatufunga ukindu. Mke wake alikuwa amesuka kamba nyembamba za nyuzi tatu, na mwalimu akamfunga kila mtoto kamba yake kwenye mkono wa kushoto, kwa fundo dogo lililobanwa vizuri. Akasema, "Sikilizeni. Atakayepita ukaguzi kila asubuhi, anabaki na ukindu wake. Atakayetolewa mstarini, hata mara moja, ninaukata. Mwezi wa pili ukishaandama Bwana Shule atakuja kuangalia. Atakayekuwa na ukindu mkononi, nguo ni yake. Wakiwa wawili, wanagawana. Mmenielewa?"

Tukajibu kwa sauti moja kwamba tumemwelewa. Mimi sikuwa nikiitazama nguo tena. Nilikuwa naitazama kanzu yangu.

Nilipanda mlima siku ile mbio, sikupumzika hata kwenye jiwe la nusu njia. Nikampa bibi mkono wangu. Akaupapasa ukindu, akauzungusha, akaligusa fundo kwa ncha ya kidole.

"Nini hii? Umefungwa kama mbuzi?"

Nikamweleza. Nikamwambia sanda yako inarudi, bibi. Akaupapasa tena ukindu. Halafu akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kidogo.

"Basi mume wangu anataka kunivisha," akasema. "Haya. Tutaona kama mwanamume kweli."

Tangu siku hiyo ukaguzi ukawa wa kufa na kupona. Alinisugua mpaka ngozi ikawaka moto. Na kila asubuhi, akishamaliza miguu, aliushika mkono wangu wa kushoto, akaupapasa ukindu, akalitafuta fundo. Likiwepo, ananipa kofi la mgongoni, nenda. Nikirudi jioni anaupapasa tena kabla ya kuitikia shikamoo yangu.

Shuleni ukindu ulianza kukatwa. Wa kwanza alikutwa na kucha nyeusi, wa pili alichelewa kengele, wa tatu alikuwa na funza watatu kidole kimoja. Mwalimu alikata kwa kijembe kidogo cha kuchongea kalamu, na watoto walilia kana kwamba amekata kidole. Siku moja alipofika kwangu akanishika sikio, akachungulia.

"Wewe mwanangu, nyumbani wanakuchemsha? Nguo hii unaitaka ya nini?"

"Sanda ya bibi," nikamjibu.

"Innalillahi! Bibi amefariki?"

"Hapana mwalimu. Yupo mzima. Sanda yake ndiyo hii niliyovaa."

Hakunitania. Aliitazama kanzu yangu kuanzia begani hadi kwenye upindo, akapita kwa mtoto wa pili.

Ilipobaki wiki moja tulikuwa wawili tu wenye ukindu, mimi na mtoto wa akida. Yeye alikuwa na mtumishi wa kumwogesha na alikuja shule kwa punda, vumbi halimgusi. Simlaumu, alikuwa mtoto kama mimi. Tena nilijipa moyo, tukiwa wawili tutagawana, na bibi ni mdogo wa mwili, nusu itamtosha.

Lakini bibi alikuwa anaisha. Mvua za mlimani zilimwingia kifuani, akawa anakohoa mpaka anainuka kitandani. Mama mdogo, mdogo wake mama aliyeolewa Kinole, alikuja kusaidia kuuguza. Bibi hakula, na uji aliugeuzia uso. Hata hivyo kila asubuhi nikiingia alinyoosha mikono. Vidole vilikuwa vya moto, vinatetemeka, na mwiba ulimchukua muda mrefu, lakini hakuniacha niende bila kukaguliwa.

"Bado siku ngapi?" ananiuliza.

"Tatu, bibi."

"Nitangoja," anasema.

Jioni ya kuamkia siku ya tuzo kidole changu kidogo cha mguu wa kulia kilianza kuniwasha. Nilijua ni funza. Wala sikuhangaika, nikajua asubuhi bibi atamtoa.

Bibi alikufa alfajiri ile, kabla ya jogoo wa pili. Mimi sikujua. Nilikuwa nimelala jikoni karibu na moto, na wao watatu walikuwa chumbani. Haya aliniambia mama mwenyewe miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu. Kwetu kilio kikishapigwa, mtoto wa nyumba ile havuki kizingiti mpaka maiti atoke. Ningesikia, nisingekwenda shule, na nguo ingepotea siku ile ile tuliyoihitaji. Basi mama na mdogo wake wakatazamana juu ya mwili wa mama yao, wakatia pindo za kaniki zao nyeusi mdomoni, wakauma. Wakazuia kilio mpaka mimi niondoke. Walifanya hivyo kwa ajili yake. Nisingependa mtu awahukumu.

Mama alikuja akanivuta kidole gumba cha mguu kama siku zote. Nikaenda mferejini, nikarudi, nikavaa. Nilipotaka kuingia kwa bibi nikamkuta mama amesimama mlangoni, mkono huku na mkono huku.

"Bibi kalala. Usimwamshe."

"Anikague kwanza."

"Nitakukagua mimi."

Akanishika mikono akatazama kucha, akatazama masikio, haraka haraka. Mikono yake ilikuwa baridi. Nikamwambia, "Mama, nina funza. Kidole kinawasha." Akatazama nyuma, chumbani. Mwiba ulikuwa kule, umechomekwa kwenye paa juu ya kitanda.

"Huwashwi chochote. Nenda, utachelewa."

"Mama, mwiba uko pale pale, nauchukua tu..."

"Nimesema nenda!"

Hakuwahi kunifokea hivyo. Nikarudi nyuma. Lakini kuondoka bila kumwamkia bibi sikuweza, sikuwa nimewahi kufanya hivyo tangu nizaliwe. Nikapaza sauti nikiwa pale pale nje ya mlango: "Shikamoo bibi!"

Kimya. Mama alikuwa amenipa mgongo.

"Mama, hakuitikia."

"Ameitikia," mama akasema. "Hukusikia? Nenda, mwanangu."

Nikaenda. Nilishuka mlima kidole kinawaka, najiambia kwamba ni leo tu, nikifika nitasimama wima, nani atamwona funza mmoja. Kama kilio kilipigwa nyuma yangu, mto ulikimeza. Sikusikia kitu.

Shuleni palikuwa pamefagiliwa mara mbili. Bwana Shule alikuwa amekuja, mzee mwenye ndevu nyeupe na fimbo, ameketi kwenye kiti chini ya bendera, na nguo iko magotini mwake. Tuliimba wimbo. Kisha mwalimu akaanza kupita, na Bwana Shule akainuka akamfuata hatua moja nyuma.

Mikono, safi. Masikio, safi. Meno, safi. "Miguu." Nikainua wa kushoto. Nikainua wa kulia. Mwalimu akainama.

Alimwona. Najua alimwona, kwa sababu kidole chake kiligusa pale pale, kwenye uvimbe mdogo wenye doa jeusi, kikatulia. Mwalimu akanitazama usoni, kisha akaitazama kanzu yangu. Halafu akanishusha mguu taratibu, akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Safi!"

Mungu amlipe mtu yule popote alipolala. Alihatarisha kazi yake, na huenda na ngozi yake pia, maana Mdachi hakuwa na mzaha, viboko hamsa ishirini alipigwa hata mtu mzima mwenye mke. Alinipitisha. Akaenda kwa mtoto wa akida. Nilichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Kusimama!

Nikajikuna.

Sikukusudia. Funza alinichoma, na mguu wa kushoto ukapanda wenyewe juu ya wa kulia, ukasugua kidole. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Bwana Shule alikuwa bado mbele yangu. Akaishusha fimbo yake, akagonga mguu wangu kwa ncha.

"Hii nini?"

Mwalimu akageuka. Akaja, akainama tena, safari hii polepole mno. Hakuwa na la kufanya. "Funza, Bwana," akasema.

Nilipiga magoti. Sikujali kanzu. Nikamshika Mdachi yule buti, nikamwambia Bwana nihurumie, ni mmoja tu, namtoa sasa hivi, nipe robo, nipe kipande cha kufunika uso tu, Bwana, bibi yangu hana nguo. Watoto waliangua kicheko, kisha wakaacha. Yeye hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipungue, akasema kwa Kiswahili chake, "Hapana. Sheria ni moja kwa wote." Akampa mwalimu ishara.

Mwalimu alikata ukindu wangu. Kijembe kikanichubua kidogo. Nguo yote akapewa mtoto wa akida, na alipoipokea hakujua aishike vipi, ikamwanguka mchangani.

Nilitoka pale sikumuaga mtu. Tulipewa ruhusa mapema kwa ajili ya sherehe, jua lilikuwa bado la asubuhi. Ningepanda mlima moja kwa moja ningefika kabla ya adhuhuri. Nimelipima jambo hilo maisha yangu yote. Ningefika mapema, watu wangejua hakuna nguo, wangepata muda wa kutafuta kwingine, wa kumwomba jirani, wa kushuka hata kwa mwalimu yule yule.

Sikupanda. Nilikwenda mtoni, nikakaa juu ya mawe, nikalia mpaka nikakaukiwa. Nikamchokonoa funza kwa mwiba wa kichakani, akapasuka ndani. Nikautazama mkono wangu mtupu. Kilichonitisha hakikuwa kuikosa nguo. Kilichonitisha ni vidole vya bibi. Atanyoosha mkono jioni, atapapasa, atalitafuta fundo asilione. Mgonjwa vile, atakufa kwa uchungu, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemuua. Ndivyo nilivyofikiri.

Mkindu ulikuwepo pale pale ukingoni. Nikavuta majani, nikachana nyuzi tatu, nikaanza kusuka. Wa kwanza ulikuwa mnene, bibi angejua. Nikautupa. Wa pili ulikatika. Nikaingia kwenye matope kutafuta majani machanga, kanzu ikachafuka hadi kiunoni, sikujali. Nilisuka nikafumua, nikasuka nikafumua, nikifumba macho kila mara na kuupapasa jinsi atakavyoupapasa yeye. Fundo ndilo lililonisumbua zaidi. Kufunga fundo dogo kwa mkono mmoja na meno, jaribuni muone. Nilipolipata sawasawa jua lilikuwa limeshainama upande wa Mzumbe.

Nikapanda nimejipanga. Nitamwambia mwezi haujaandama, Bwana Shule hakuja, tuzo ni wiki ijayo. Bibi atasema atangoja.

Nilipotokeza kwenye migomba yetu nikaona watu. Wanaume wameketi upande huu, wameegemea majembe yenye udongo mbichi. Wanawake upande ule. Kitanda cha bibi kilikuwa nje. Nikasimama, akili ikakataa kuelewa.

Mama aliniona. Alinyanyuka, akaja mbio, macho mekundu, na jambo la kwanza alilolitazama lilikuwa mkono wangu wa kushoto. Akauona ukindu.

"Alhamdulillahi!" alipaza sauti. "Jamani, kaipata! Mtoto kaipata!" Akageukia mlango. "Mama, mjukuu wako kaileta! Tumengoja, mama, lakini kaileta!"

Watu wote wakainuka. Shehe akasema haya, upesi, jua linatuacha. Mama mdogo akanyoosha mikono miwili nimpe. Wakanizunguka wote, wananitazama kwapani, mgongoni, nimeificha wapi.

"Iko wapi, mwanangu? Umeiweka wapi?"

Nikauvua ukindu ule, ukatoka kwa urahisi, fundo langu halikuwa la kudumu, nikamwonyesha. "Huu nimesuka mimi," nikasema. "Nilisuka ili bibi asijue."

Mama aliutazama kwa muda. Hakunipiga. Natamani angenipiga. Alikaa chini pale pale aliposimama, miguu imenyooka mbele kama mtoto.

Maiti alikuwa ameoshwa tangu adhuhuri, yuko ndani chini ya mkeka. Walikuwa wamengoja kwa ajili yangu. Shehe alisema kwa upole kwamba nguo yoyote safi inatosha, Mungu haangalii rangi. Lakini nguo safi ilikuwa ya nani? Wanawake wale kila mmoja alikuwa na kaniki moja, ile aliyoivaa. Mama akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amejifunga gunia la mahindi, na kaniki yake iko mkononi, anaikamua maji. Haikutosha kumzunguka bibi. Akanijia, akanivua kanzu.

Waliifumua mishono kwa wembe. Walijaribu kuyatoa matope yangu ya mtoni, na hapakuwa na muda wa kuyatoa yote, wala wa kuianika. Sanda ya bibi ikamrudia hivyo, vipande vipande, na viraka, ina matope kwenye upindo, mbichi. Ilimfunika kuanzia kifuani hadi magotini. Kwingine ikamalizia kaniki ya mama.

Kabla hawajamfunga uso wakatuita kuaga. Niliingia uchi kama nilivyozaliwa. Juu pale kitanda kilipokuwa, mwiba ulikuwa bado umechomekwa kwenye nyasi. Mama alipiga magoti kwenye gunia lake, akamshika mama yake kidole gumba cha mguu juu ya nguo.

"Mama, niwie radhi," akasema. "Nimekuvika kaniki, mama. Ulitaka nyeupe. Niwie radhi."

Akangoja, kama mtu anayebisha hodi akijua wenyewe wamo. Akasema tena, "Mama, niwie radhi." Nje shehe alikohoa, muda umekwisha. Mama hakuinuka. Akasema mara ya tatu, na safari hii sauti ilikatika katikati.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sijui kama nilisema kwa huruma au kwa hasira, na sidhani kama nitajua.

"Ameitikia, mama," nikasema. "Hukusikia?"

Mama akageuka akanitazama. Akalifungua gunia upande mmoja, akanivuta nikaingia, akatufunika wote wawili.

"Nimesikia," akasema.